'Inashughulikiwa' na nani? Programu za kuratibu barua za serikali

Ukienda katika afisi ya umma kuulizia barua uliyoandika, aghalabu utajibiwa: "Inashughulikiwa. Wewe nenda tu, tutakupigia." Kisarufi, kauli hiyo ya kutendwa imemficha mtenda. Nani anaishughulikia? Tangu lini? Hadi lini?

Programu za kuratibu utendakazi zimekusudiwa kumfichua mtenda huyo. Barua inapoingia masjala, hupigwa picha, hupewa nambari na kuelekezwa kwa afisa mahususi. Kila anayeipokea huacha alama: jina, saa na uamuzi aliotoa. Siku zikikaribia kwisha, programu humkumbusha. Akizidi kukawia, taarifa humfikia mkubwa wake.

Muda wenyewe si wa kubuniwa na mafundi. Kwa mfano, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamtaka afisa wa umma aamue ombi la habari ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo maisha au uhuru wa mtu umo hatarini.

Hata hivyo, programu si dawa ya kila ugonjwa. Utaratibu mbovu ukiingizwa kwenye kompyuta hubaki mbovu, ila sasa huenda mbio. Isitoshe, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi hebu skrini imwambie mwananchi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, barua yake iko kwa nani na jibu litatoka lini. "Inashughulikiwa" pekee haitoshi.