Chunusi na Athari Zake: Doa Si Kovu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi kitundu cha unywele kinavyozibwa na mafuta na ngozi mfu, vijidudu vikastawi humo, mwili ukavipiga vita, na chunusi ikavimba. Leo tutazame kinachosalia usoni, ambacho sisi wa Rujewa aghalabu hukiita kovu, ilhali mara nyingi si kovu.

Mkulima wa Usangu ataelewa upesi. Ng'ombe akipita katika jaruba bichi, kwato zake huacha mashimo ambayo udongo ukishakauka hayafutiki. Bali tope lililorukia ukuta hupauka lenyewe. Kovu ni kwato, kwani nyuzi zinazoishikiza ngozi kwa ndani zimeharibika na uso ukabonyea. Doa ni tope, rangi iliyozidi palipowaka. Kaa na kioo ubavuni mwa dirisha: penye kivuli pana shimo, pasipo kivuli ni doa.

Doa katika ngozi nyeusi huondoka kwa subira ya miezi, pengine zaidi ya mwaka, mradi chunusi mpya zizuiwe na jua liepukwe. Dawa za kupaka za jamii ya vitamini A husaidia, ila mwenye mimba asizitumie. Na ile ya kumeza, impasayo mwenye chunusi sugu, huharibu kiumbe tumboni. Asiyeweza kungoja hununua mkorogo, yaani krimu ya kuchubua ngozi. Namjua binti apepetaye mchele Ubaruku aliyeupaka miezi mitatu: madoa yakafifia, kisha uso mzima ukatoka vipele vilivyolingana kama punje za mtama, athari ya steroidi iliyofichwa katika krimu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, lakini makopo hayasemi kweli daima.

Shimo halijazwi na krimu yoyote, japo muuzaji aape. Tabibu huichoma ngozi kwa visindano ili isuke nyuzi mpya, au huzikata kamba zinazoivuta chini. Leza nayo ipo, ingawa kwa weusi wetu yataka mkono mzoefu, isije ikazaa doa jingine. Kovu lililotuna tayani au kifuani hudungwa sindano, na kulikata tu ni kulialika lirudi kubwa zaidi.

Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kufundishia matabibu wa ngozi, ambacho pia kimetengeneza mafuta ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Binti wa Ubaruku hakufika huko. Ameacha mkorogo, na ungo wake ameuhamishia upande wa kivuli.