Eti Msukuma mpole, Mkurya mkali?

Mimi ni mtu wa Songwa, hapa Kishapu. Mwaka juzi nilienda Geita kutafuta kibarua cha ulinzi kwenye duara. Mwenye duara akaniuliza kabila, nikasema Msukuma. Akacheka: "Nyie wapole mno, mimi nataka Mkurya." Kazi nikaikosa hivyo hivyo, hata jina hakuniuliza. Nauli nilikuwa nimekopa.

Basi nikaanza kusoma: tabia za watu zinafanana dunia nzima, au kila kabila na lake?

Jamaa mmoja, Robert Edgerton, alikuwa kwenye kundi la watafiti lililokuja huku kwetu mwaka 1961 na 1962. Walihoji Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei wa Mlima Elgon. Ujanja wao ni kwamba kila kabila walichukua wakulima na wafugaji pia. Kitabu kikatoka 1971. Kabila lilionekana kwenye majibu, tusidanganyane. Lakini na kazi ya mtu ilionekana: wafugaji walielekea kusema la moyoni na kugombana uso kwa uso, wakulima wakaficha na kukwepa ugomvi. Sababu yake naielewa kabisa. Mfugaji akikorofishana na mtu anaswaga ng'ombe anahama. Shamba utalihamishia wapi? Jirani ni yule yule mpaka kufa.

Sasa sisi Wasukuma tunalima pamba na ng'ombe tunao. Mtatuweka fungu gani?

Wapo waliosema binadamu wote wanapimika kwa tabia 5: uchangamfu, utu wema, bidii, wasiwasi na kupenda mambo mapya. Ila mwaka 2020 watafiti walipochambua maneno ya Kimaasai yanayoeleza tabia ya mtu, hizo 5 hazikujipanga vizuri.

Iliyonigusa zaidi ilitoka 2005 kwenye jarida la Science. Walichukua jamii 49, wakauliza watu wanasemaje kuhusu taifa lao, kisha wakalinganisha na tabia zilizopimwa kwa mtu mmoja mmoja. Havikuendana. Yaani yale ya "sisi ndivyo tulivyo" ni maneno tu ya kijiweni.

Nyumbani tumezaliwa tumbo moja. Mdogo wangu hata kuku anampisha njia. Dada yangu sasa, ukimchokoza utatafuta mlango! Angekuwa yeye ndiye aliyekwenda Geita, yule bwana angemkataa kwa upole vile vile.

Wadau wa Tarime, hebu semeni, ninyi huwa mnakosa kazi gani kwa kuitwa wakali?