Ufa wa Uwanja na Kauli ya Kutendeka

Hapana mwanafunzi wa shule ya msingi asiyeijua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huandikwa ubaoni, hutungiwa insha, na mtahiniwa anayeikamilisha kwa kisa cha kusikitisha hujipatia alama zake. Hata hivyo, methali hii ina jambo la kisarufi ambalo aghalabu hatulitazami. Viambishi vyake viwili vya nafsi, u- katika "usipoziba" na u- katika "utajenga", vyote ni vya nafsi ya pili umoja. Methali inamsemesha mtu mmoja mwenye nyumba yake na ukuta wake, atakayetoa gharama kutoka mfukoni mwake. Je, ufa ukiwa katika ukuta wa watu wote, huyo "wewe" ni nani?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya, nalo linavihusu viwanja vya michezo vya umma: vya shule, vya vijiji na vya miji, ambavyo wengine wetu tulivikuta vikiwa na nyasi nasi twawakabidhi watoto vikiwa na mashimo. Nimechagua kulitazama kutoka Plateau, katika kaunti ya Uasin Gishu, kwa sababu sehemu hii ya nchi haiwezi kusingizia kwamba haijui thamani ya michezo.

Nchi ya wakimbiaji

Plateau ni jina la kigeni lenye maana ya uwanda wa juu, na lilishikamana na kituo cha reli ile iliyofika Eldoret mwaka wa 1924. Ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa, na zaidi ya hayo ni nchi ya miguu myepesi. Jirani yake ni Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi kwa miaka mingi. Mjini Eldoret uko uwanja uliopewa jina la Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 kule Mexico mwaka wa 1968 na ya mita 3000 kuruka viunzi na maji kule Munich mwaka wa 1972.

Mtu angetarajia kwamba nchi iliyovuna kiasi hicho ingelitunza shamba lake. Lakini mambo hayakuwa hivyo. Mwaka wa 2013 muungano wa Jubilee ulipokuwa ukiomba kura uliahidi viwanja vitano vipya vya kitaifa, na Eldoret ilikuwa miongoni mwa miji iliyotajwa. Tangu hapo ukarabati wa uwanja wa Kipchoge Keino umeanzwa, ukakwama, ukaanzwa tena. Kule Iten, katika kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet, uwanja wa Kamariny, ambao njia yake ya vumbi ilikanyagwa na mabingwa wa dunia, ulifungwa katika miaka ya 2010 ili uboreshwe. Kazi ikasimama kwa miaka. Wanariadha waliokuwa na uwanja duni wakawa hawana uwanja wowote, wakalazimika kutafuta njia za kukimbilia kwingineko.

Ikiwa viwanja vyenye majina makubwa vimepatwa na hayo, nani atauliza habari za uwanja wa kijiji usio na jina?

Lugha inayomficha mtenda

Sikiliza, ndugu msomaji, jinsi tunavyozungumza kuhusu viwanja hivi. Twasema, "Uwanja umeharibika." Kisha twasikia katika hotuba, "Uwanja utakarabatiwa." Walimu wa Kiswahili wataitambua mara moja tofauti iliyopo kati ya sentensi hizi mbili.

Ya kwanza iko katika kauli ya kutendeka. Katika kauli hii mtenda hayupo kabisa, wala sarufi haimpi nafasi. Chungu kimevunjika, hatuwezi kusema kimevunjika na Juma. Uwanja umeharibika, kana kwamba uliamka asubuhi moja ukajiharibu wenyewe. Hakuna aliyepitisha trekta katikati yake msimu wa mvua, hakuna aliyeng'oa milingoti ya magoli akaiuza kama vyuma vikuukuu, hakuna aliyeacha mtaro wa maji ukazibwa na takataka.

Ya pili iko katika kauli ya kutendwa. Hapa mtenda anaweza kutajwa, lakini sarufi inaruhusu aachwe. Utakarabatiwa na nani? Lini? Kwa fedha zipi? Msemaji hakusema, wala hakukosea kisarufi. Ndiyo maana kauli hii hupendwa sana majukwaani: hutoa ahadi isiyo na mdhamini.

Sidai kwamba lugha ndiyo inayobomoa viwanja. Ninachosema ni kwamba lugha hii hutuzoeza kuona uharibifu kama hali ya hewa na matengenezo kama mvua ya kusubiriwa kutoka juu. Ipo kauli ya tatu, nayo ni ile ya kwanza tunayowafundisha watoto: kauli ya kutenda. Tumeharibu. Tutakarabati. Tazama jinsi nafsi ya kwanza wingi inavyobadilisha uzito wa maneno hayo.

Funzo la Kitintale

Mfano wa kauli ya kutenda nitautoa mahali ambapo huenda wasomaji wengi hawakupatarajia, yaani katika mchezo wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Kitintale, viungani mwa Kampala, vijana wakiongozwa na Jackson Mubiru, wakisaidiwa na rafiki yao Shael Swart, walijenga kwa mikono yao uwanja wa zege wa mchezo huo. Ulikuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Haukujengwa na wizara wala na kampuni kubwa. Mwaka wa 2013 ukafuata uwanja wa Shangilia, katika makao ya watoto huko Kangemi, Nairobi, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Mwaka wa 2016 Addis Ababa nayo ikapata wake, uliojengwa kwa nguvu za watu wa kujitolea.

Viwanja hivi vina funzo kubwa kuhusu matunzo. Uwanja wa kandanda huvumilia. Shimo likitokea kwenye pembe, mchezo huendelea. Wachezaji hulizoea, na mwishowe hulisahau. Uwanja wa kutelezea hauvumilii. Gurudumu la ubao huo lina kipenyo cha kama milimita 50 hadi 60 tu. Kokoto moja hulisimamisha ghafla na kumrusha mtelezaji. Ufa wa upana wa kidole huweza kumvunja mtoto kifundo cha mkono. Kwa hiyo mwenye kuutumia hujifunza kuufagia kabla ya kucheza na kuukagua kwa jicho la fundi. Ufa hauwezi kufichwa nyuma ya kauli ya kutendeka, kwa kuwa huonekana siku ileile kwenye goti la mtu.

Na dawa ya ufa si siri ya wahandisi. Ufa mdogo katika zege hupanuliwa kwa patasi hadi penye sehemu imara, vumbi lote hutolewa, pakaloweshwa maji, kisha mchanganyiko wa saruji na mchanga hushindiliwa na kusawazishwa kwa mwiko. Baada ya hapo hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na magunia hayo hutiwa maji kila siku kwa muda wa juma moja hivi ili saruji isikauke haraka ikapasuka upya. Zege huchukua takriban siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa. Hapo ndipo kazi nyingi za umma huharibika: fundi humaliza Ijumaa, mgeni wa heshima hufungua Jumamosi, na hakuna aliyeagizwa kumwagilia maji Jumapili.

Jambo jingine ni maji ya mvua. Katika nyanda kama hizi za Uasin Gishu, ambako mvua hunyesha kwa wingi kati ya Aprili na Septemba, adui wa kwanza wa uwanja wowote, uwe wa nyasi, wa vumbi au wa zege, ni maji yasiyo na njia ya kutokea. Hupenya chini, huulainisha udongo, na kilicho juu hupasuka. Kabla ya kununua nyavu na rangi, na uchimbwe mtaro.

Pingamizi mbili

Yupo atakayesema kwamba mchezo wa mbao za magurudumu ni anasa ya watoto wa Marekani, na kwamba Plateau inahitaji njia za kukimbilia. Namjibu kwamba kandanda nayo ililetwa, na leo hakuna aiitaye ya kigeni. Isitoshe, watoto wetu hawakumsubiri mtu awafundishe magurudumu. Nani hajawaona wakiteremka kilima juu ya vigari vya mbao walivyojiundia kwa beringi kuukuu za magari? Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021, ubao wa magurudumu ulishindaniwa kwa mara ya kwanza, na dhahabu moja ikatwaliwa na Momiji Nishiya, msichana wa Kijapani mwenye umri wa miaka 13. Huo ni umri wa mwanafunzi anayeisoma methali yetu darasani. Hata hivyo, sisemi kila kijiji kijenge uwanja wa aina hiyo kesho. Nasema tuige mazoea ya wale wanaoutunza.

Mwingine atasema kwamba hii ni kazi ya serikali. Ni kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 linaikabidhi serikali ya kaunti jukumu la vifaa vya michezo na mahali pa burudani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unamtambulia mtoto haki ya kucheza katika kifungu chake cha 31. Wananchi wana haki ya kudai, tena kwa sauti. Lakini anayedai bila kujua hali ya uwanja wake hudai hewa. Diwani akiulizwa kuhusu "maendeleo ya michezo" atajibu kwa hotuba. Akiulizwa kuhusu mita 40 za mtaro upande wa mashariki, zilizozibwa tangu mwaka jana, itambidi ajibu kwa tarehe.

Ukuta wa mtu mwingine

Kuna hatari kubwa zaidi ya kifundo kilichovunjika. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirejea kutoka likizoni wakakuta ukuta umejengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea. Walipoandamana na kuuangusha, polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi. Taifa lilishtuka, na ardhi ile ikarudishwa kwa shule. Tusisahau hata hivyo kwamba ukuta ulisimama kwanza.

Mnyakuzi wa ardhi ana macho makali. Huutafuta uwanja uliomea magugu, usio na magoli, usio na ua, ambao hati yake ya kumiliki haijulikani iko wapi. Huo kwake si uwanja bali ni kiwanja, na kiambishi hicho kimoja kina thamani ya mamilioni. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024. Jiji linapopanuka, bei ya ardhi ya pembezoni nayo hupanda, na Plateau haiko mbali kiasi cha kusalimika. Methali basi yahitaji nyongeza kwa zama zetu: usipoziba ufa wa umma, mwingine atakujengea ukuta, nawe utakuwa upande wa nje.

Kazi ya darasani

Kwa walimu na wanafunzi nina mapendekezo machache yasiyohitaji wafadhili. Kwanza, kila shule iwe na daftari la uwanja. Wanafunzi waupime kwa hatua na kamba, wauchore, waandike kila shimo, kila ufa na kila mtaro uliozibwa, pamoja na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo ni somo la hisabati, jiografia na insha kwa pamoja.

Pili, halmashauri ya shule iulize hati ya ardhi iko wapi, na nakala yake ihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Tatu, kila mradi wa uwanja unapopangwa, wazazi waulize fedha za matunzo ya mwaka wa pili na wa tatu zimetengwa wapi. Kujenga bila kutenga fedha za kutunza ni kuahirisha ubomoaji. Nne, wasichana waulizwe kinachowafukuza uwanjani, maana mara nyingi mpango wa viwanja vyetu hudhani kwamba umma ni wavulana kumi na mmoja na mpira.

La mwisho ni zoezi la sarufi. Mwalimu aandike ubaoni: "Uwanja wetu umeharibika. Utakarabatiwa." Kisha awaagize wanafunzi wazigeuze sentensi hizo ziwe katika kauli ya kutenda, wakimtaja mtenda, kitendo na siku. Baadhi wataandika jina la ofisi fulani, na watakuwa wamesema kweli. Barua ya kuidai ofisi hiyo na iandikwe siku hiyohiyo. Wengine wataandika "sisi, Jumamosi, majembe na mifagio", na hao pia watakuwa wamepata. Mwalimu mwema atatoa alama kwa majibu yote mawili, kisha Jumamosi ikifika atakwenda kutazama nani yuko uwanjani.