Supu ya viazi inayojipikia ukiwa kwa jam

KILA mtu anayeishi Kahawa West na kufanya kazi Mombasa Road anaijua hesabu hii. Ukitoka kazini saa kumi na moja na nusu jioni, unafika kwako saa mbili ukiwa na bahati, saa tatu mvua ikinyesha. Ukifungua mlango wa bedsita umechoka kiasi kwamba hata kukata kitunguu unaona ni adhabu. Basi unafanya tunachofanya wengi: unapitia kibanda kilicho chini ya ploti, unafungiwa chipsi, unapanda nazo ngazi.

Nilikula hivyo mwaka mzima bila kujali. Tumbo ni langu, pesa ni zangu. Mambo yalibadilika Januari, mdogo wangu alipokuja kuishi nami ili asome chuo. Nilimwonyesha gesi ilipo, unga ulipo, nikaamini anajipikia. Nikirudi usiku na chipsi zangu namkuta tayari amelala.

Siku moja mama akapiga simu ya video. Alimwangalia kidogo tu, kisha akaniuliza mimi, si yeye: “Mbona mtoto wangu amekonda?”

Kumbe msichana alikuwa anakunywa chai na mkate kila jioni, analala. Nilipomuuliza kwa nini hapiki, aliinamisha kichwa. “Sikutaka kukumalizia gesi, siz.”

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nikavuta kutoka chini ya kitanda chungu cha umeme cha kupika polepole nilichouziwa na jirani aliyekuwa akihama. Kwa miezi minne nilikuwa nakitumia kuwekea vitunguu.

Chungu chenyewe kinavyofanya kazi

Kwa wasiokijua, ni chombo cha kauri kinachokaa ndani ya ganda lenye nyaya za moto. Joto hupanda taratibu kutoka pembeni na chini, na baada ya saa kadhaa chakula hukaribia kuchemka bila kuungua. Kifuniko kizito huzuia mvuke kutoka, ndiyo maana maji hayakauki hata ukiondoka siku nzima.

Aliyekibuni ni Mmarekani Irving Naxon, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Wazo alilitoa kwenye hadithi za mama yake kuhusu Lithuania, ambako chakula cha Sabato kilipelekwa jioni kwenye tanuri la mwoka mikate, kikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilikiingiza sokoni kwa jina Crock-Pot, na kikawapendeza hasa wanawake waliokuwa wakitoka kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Yaani kilikuja kwa ajili ya watu kama sisi.

Na stima je? Hilo ndilo swali la kwanza mtaani. Chungu kidogo hutumia wati 200 hivi. Kikikaa saa nane ni kama uniti 1.6. Zidisha na bei ya tokeni zako, kisha ulinganishe na chipsi za watu wawili.

Viazi kwanza, maziwa mwisho

Jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu. Nilitupa kila kitu ndani asubuhi: viazi, karoti, maziwa, krimu. Jioni maziwa yalikuwa yamekatika vipande kama mala iliyochemshwa, na karoti bado zinalia kwa meno. Mdogo wangu alikula bakuli zima, akasema ni tamu. Huo ulikuwa uongo wa mapenzi.

Nilijifunza mambo mawili. Maziwa hayapendi joto la saa nyingi; protini zake hushikana na kujitenga na maji. Yanaingia nusu saa ya mwisho. Na mboga ngumu zikatwe ndogo na zikae chini kabisa, karibu na joto.

Viazi navyo vina tabia zake. Shangi, ambayo imejaa masokoni kutoka Nyandarua, huiva haraka na kuvunjikavunjika. Kwa mchuzi wa vipande hilo ni tatizo, lakini kwa supu nzito ni baraka, kwa sababu wanga wake ndio unaoifanya supu iwe laini bila kumwaga krimu nyingi. Ukiona kiazi kimegeuka kijani, mwambie mama mboga akubadilishie. Rangi hiyo huenda pamoja na sumu iitwayo solanini, na kupika hakuiondoi.

Vinavyohitajika (watu 4, au wawili wenye njaa)

- Viazi kilo 1
- Karoti 2
- Kitunguu kikubwa 1
- Vitunguu saumu punje 3
- Siagi kijiko 1 cha mezani
- Supu ya mifupa au maji, lita 1
- Maziwa kikombe 1
- Krimu vijiko 3 vya mezani (ukikosa, ongeza maziwa ya unga kiasi hicho hicho)
- Chumvi, pilipili manga na dania

Jinsi ya kuandaa

Menya viazi na uvikate vipande vinavyolingana, kama sentimita mbili kila upande. Vikipishana ukubwa, vingine vitakuwa uji wakati vingine bado vigumu. Ukivikata mapema, viloweke kwenye maji baridi visigeuke rangi.

Kaanga kitunguu na saumu kwa siagi dakika tano tu. Chungu hiki hakikaangi, na kitunguu kisichokaangwa hukaa na ladha ya ubichi. Usiweke nyanya: uchachu wake huchelewesha viazi kulainika.

Panga karoti chini, viazi juu, kisha kitunguu. Mwagia supu ya mifupa ikiwa moto, tia chumvi, funika. Saa saba hadi nane kwa moto wa chini, au saa nne kwa moto wa juu. Usifunuefunue kuchungulia, kwa maana kila ukifunua joto hutoroka na chungu huchukua muda mrefu kulirudisha.

Viazi vikiponyeka kwa mwiko, ponda nusu yake humo humo na uache nusu vipande. Pasha maziwa na krimu kidogo kwenye sufuria, mimina, koroga, funika tena nusu saa. Malizia na pilipili manga na dania.

Kwetu kazi imegawanyika hivi. Mimi nakata viazi na kukaanga kitunguu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mdogo wangu, anayeondoka saa nne asubuhi, anachemsha supu ya mifupa, anapanga chungu na kuwasha. Akirudi saa kumi na mbili jioni anaponda na kutia maziwa. Kama unaishi peke yako na unatoka gizani kurudi gizani, tafuta chungu chenye saa, kinachojishusha chenyewe na kuweka chakula kikiwa moto tu.

Stima ikipotea

Hapa usicheze. Wiki ya tatu tulifika tukakuta chungu kina uvuguvugu. Tokeni zilikuwa zimeisha, hatujui saa ngapi. Mdogo wangu alitaka tuichemshe upya, maana kilo nzima ya viazi si mchezo. Tuliimwaga. Chakula kikikaa vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili, bakteria huzaana, na baadhi huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiui. Siku hizi kuangalia mita ni sehemu ya mapishi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kama huna friji, pika ya kumalizika usiku huo. Na usijaribu maharagwe mekundu makavu kwenye chungu hiki kabla ya kuyaloweka, kumwaga maji yake na kuyachemsha kwa nguvu dakika kumi kwenye sufuria. Yana sumu ambayo moto mdogo hauimalizi.

Huna chungu cha umeme? Kikapu cha kupikia, kile kilichojazwa vitambaa ndani, kinafaa pia. Chemsha supu kwenye gesi dakika kumi na tano, funika sufuria, izamishe ndani ya kikapu saa moja na nusu. Irudishe motoni ichemke, ndipo utie maziwa. Tofauti ni kwamba kikapu hakiongezi joto, kwa hivyo usikiache siku nzima.

Bakuli la saa tatu

Sitakudanganya kwamba supu ya viazi imemaliza shida zetu. Jam iko pale pale, na Ijumaa bado tunanunua chipsi kwa sababu ni tamu. Lakini siku nyingine nikifika ghorofa ya tatu nasikia harufu ya saumu kabla sijatoa ufunguo. Mdogo wangu huwa macho. Ameshakula bakuli moja, anakula la pili nami, ananisimulia vituko vya darasani ambavyo zamani sikuwahi kuvisikia kwa sababu nilimkuta amelala.

Jumapili mama alipiga tena. Alimwangalia mdogo wangu kwenye skrini, akanyamaza, kisha akauliza swali moja tu.

“Hiyo supu mnatia maziwa saa ngapi?”

“Mwishoni, mama,” mdogo wangu akamjibu. “Nayatia mimi.”