Mshauri Nasaha na Mashine Inayojibu

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya ELIZA, programu ya kompyuta iliyoiga mazungumzo ya tabibu wa nafsi. Mtu alipoandika habari za mama yake, programu ililitambua neno "mama", kisha ikamwomba aeleze zaidi juu ya jamaa zake. Haikujua mama ni nani wala huzuni ni nini. Hata hivyo, katibu wake Weizenbaum, aliyeyajua maendeleo ya kazi hiyo, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani.

Akili bandia ya leo ina uwezo mkubwa zaidi. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, nayo hukadiria neno linaloelekea kufuata jingine. Kwa hiyo jibu lake laweza kuwa fasaha na lisiwe kweli. Mwaka 2023 shirika la NEDA la Marekani, linalohudumia wenye maradhi ya ulaji, liliisimamisha programu yake iitwayo Tessa ilipobainika kuwa ilitoa mawaidha ya kupunguza uzito, jambo liwezalo kuyazidisha maradhi hayo.

Je, anayesomea ushauri nasaha afundishwe nini?

Kwanza, kutunza siri. Kuficha jina hakutoshi. Tukiandika "binti wa miaka 16, mtoto wa mwalimu mkuu, aliyefiwa na mama mwezi uliopita", kijiji kizima kitamtambua.

Pili, kuitumia mashine kwa mazoezi. Iigize mtu wa kubuni mwenye shida, naye mwanafunzi ajizoeze kuuliza. Kisha mkufunzi ayapitie mazungumzo hayo pamoja naye. Lakini mashine hujibu kila inapoulizwa, ilhali binadamu huweza kunyamaza, na kimya chake nacho chahitaji kusomwa.

Tatu, kujua mpaka. Mtu anapotaja kujiua, uamuzi si wa mashine. Mwanafunzi amfikishie msimamizi wake habari hiyo papo hapo.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani bila kompyuta. Mwanafunzi mmoja apewe kanuni nne zilizoandikwa, mathalani: "Akitaja ndugu, mwulize juu ya jamaa zake." Ajibu kwa kanuni hizo tu, huku mwenzake akisimulia shida ya kubuni. Kisha darasa lijadili: ni wapi msimulizi alihisi kuwa ameeleweka, na nani hasa aliyemwelewa?