RNA Ndogo: Silaha Inayotumiwa na Seli na Virusi Vilevile

Kila seli ya binadamu imebeba jeni takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, lakini hakuna seli inayozitumia zote kwa pamoja. Jeni inayohitajika hunakiliwa kutoka kwenye DNA, na nakala yake, iitwayo RNA mjumbe, hutoka nje ya kiini cha seli na kusomwa ili protini iundwe. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walionyesha kwamba kuna RNA ya aina nyingine kabisa. Katika mnyoo mdogo wa udongoni walikuta kipande chenye herufi 22 tu, kisichozalisha protini yoyote, ambacho kazi yake ilikuwa kuizima jeni nyingine. Vipande vya namna hiyo vilikuja kuitwa mikroRNA, na ugunduzi huo uliwapatia wawili hao Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2024.

MikroRNA huanza ikiwa uzi mrefu unaojikunja wenyewe na kuwa na umbo la kibanio cha nywele. Ndani ya kiini cha seli, kimeng'enya kiitwacho Drosha hukata miguu ya uzi huo. Ukishatoka nje ya kiini, kimeng'enya kingine, Dicer, huukata kichwa. Kinachobaki hushikwa na protini iitwayo Agonauti, ambayo hukitumia kutafuta RNA mjumbe yenye herufi zinazooana nacho. Herufi ya pili hadi ya nane ndizo zenye uamuzi: zikioana, RNA mjumbe huzuiwa kusomwa au huvunjwavunjwa, na protini yake hupungua. Kwa kuwa herufi saba tu zinaweza kutosha, mikroRNA moja huweza kudhibiti mamia ya jeni.

Mfumo huu una uhusiano wa tangu zamani na virusi. Katika mimea na wadudu, virusi vingi vinapojizalisha hupitia hatua ambayo RNA yao huwa na nyuzi mbili zilizoshikana. Dicer huikatakata RNA hiyo, na Agonauti huvichukua vipande vyake na kuvitumia kuiwinda RNA ya kirusi kilekile vilikotoka. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe wa Uingereza walivikuta vipande hivyo katika mimea iliyoambukizwa. Mbu aina ya Aedes aegypti hutumia njia hiyohiyo kukidhibiti kirusi cha dengue kisizidi mwilini mwake. Watafiti wa kilimo nao wameitumia kwa mihogo inayoshambuliwa na michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1936. Mihogo hiyo imepandikizwa sehemu za jeni za virusi husika ili itoe RNA ndogo za kuvizima, na mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliiruhusu iingie katika majaribio ya kitaifa.

Kwa binadamu, ulinzi dhidi ya virusi hutegemea zaidi interferoni, kingamwili na chembe nyeupe za damu. Hapo ndipo baadhi ya virusi vilipopata mwanya wa kuuteka mfumo wa mikroRNA na kuutumia kwa faida yao. Mfano ulio wazi kuliko mingine historia yake inaanzia Uganda.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa saratani unaoota kwenye taya za watoto. Alipotoa mhadhara London mwaka 1961, mmoja wa waliomsikiliza alikuwa mtafiti Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba kuna kirusi nyuma ya ugonjwa huo. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ililazimika kutua Manchester kwa sababu ya ukungu, na chupa ilipofika London maji yake yalikuwa yameshakuwa na ukungu nayo, dalili ambayo kwa kawaida humaanisha bakteria wameingia na sampuli ni ya kutupwa. Epstein alichukua tone na kulitazama kwa hadubini. Hapakuwa na bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe, hai, zikielea mojamoja. Seli hizo zilikubali kukuzwa maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani yake, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Kirusi hiki huenezwa kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Kikishaingia hujificha katika seli B za damu maisha yote, na kwa walio wengi hakileti madhara. Saratani ya Burkitt hutokea hasa kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kwa kuwa malaria huisumbua kinga na kuzichochea seli B.

Kinga hukigundua kirusi kwa vipande vya protini zake vinavyoonyeshwa juu ya seli iliyoambukizwa. Katika seli ya Burkitt, Epstein-Barr kwa kawaida huwa kimezima karibu protini zake zote na kubakiza moja, EBNA1, ambayo nayo ni ngumu kuonyeshwa. Je, kirusi kilichojinyima protini kinaitawalaje seli? Jibu lilianza kupatikana mwaka 2004, pale maabara ya Thomas Tuschl katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilipogundua mikroRNA tano zinazotokana na kirusi hicho chenyewe. Zilikuwa za kwanza kujulikana kwa kirusi chochote, na sasa zinazojulikana za Epstein-Barr zimezidi 40. Ubora wa mbinu hii uko wazi: mikroRNA si protini, kwa hiyo seli T, chembe za kinga zinazokagua vipande hivyo vya protini, hazina cha kuzitambulia.

Kazi za baadhi yake zimeshaeleweka. Iitwayo BART5 hupunguza protini ya PUMA, ambayo huisukuma seli iliyoharibika ijiue. BART2 hupunguza MICB, alama ambayo seli yenye matatizo huinua juu yake ili chembe za kinga zije kuiangamiza. Tena BART2 hiyohiyo huishambulia RNA inayotengeneza kimeng'enya cha kunakili DNA ya kirusi chenyewe. Hili la mwisho linastahili kutafakariwa, maana kirusi kinajizuia kisizaliane ovyo, kwa kuwa kuzaliana ovyo ndiko kungekifichua.

Kirusi kinachosababisha saratani ya Kaposi, ambacho ni ndugu wa Epstein-Barr, kimefika mbali zaidi. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mojawapo ya mikroRNA zake ina herufi za uamuzi sawasawa na za miR-155, mikroRNA ya binadamu inayohusika na ukuaji wa seli B, hivyo huweza kuzizima jeni zilezile.

Homa ya ini aina ya C imefuata njia yake. Kirusi chake huitegemea miR-122, mikroRNA iliyojaa tele katika seli za ini. Mwaka 2005 kundi la Peter Sarnow wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kwamba mikroRNA hiyo ikiondolewa, RNA ya kirusi hupungua sana. Badala ya kuizima RNA hiyo, miR-122 huishikilia kwenye ncha yake ya mwanzo na kuikinga isitafunwe na vimeng'enya. Dawa ya miravirsen, inayoifunga miR-122, ilijaribiwa kwa wagonjwa 36 kwa sindano za kila wiki, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha virusi vikipungua kadiri dozi ilivyoongezwa. Vidonge vinavyokishambulia kirusi moja kwa moja, ambavyo huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, viliingia sokoni wakati huohuo na kuipita.

Hospitalini, RNA ndogo tayari zina kazi. Epstein-Barr hutoa nyingine mbili, EBER1 na EBER2, zenye herufi 167 na 172, ambazo si mikroRNA lakini hujaa katika seli hadi kufikia nakala milioni moja. Wingi huo huzifanya zionekane kirahisi kipande cha uvimbe kikipakwa kemikali maalumu, na wataalamu wa patholojia huzitumia kuthibitisha kuwapo kwa kirusi. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na hutibika vizuri kwa dawa za saratani ukiwahiwa. Mtoto anayevimba taya au tumbo, au ambaye meno yake yanalegea bila sababu, apelekwe hospitali mara moja.