Leseni ya Dereva Wako na Bima ya Gari Lako

Je, ndugu msomaji, unaijua leseni ya mtu uliyemkabidhi gari lako? Sisemi kwamba umepata kuiona ikichungulia katika pochi yake. Nauliza kama unajua ni ya daraja gani, na inakwisha lini.

Swali hili lina uzito wa pekee katika bonde la Kilombero. Huku, baada ya mpunga au miwa kuuzwa, familia nyingi huweka akiba yao katika chombo cha moto: bodaboda, bajaji, au Noah ya kupeleka abiria Mang'ula, Mlimba na Mahenge. Safari zenyewe zimezidi. Tangu Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, lizinduliwe mwaka 2018, watu wa Ifakara na Ulanga hawakitegemei tena kivuko kama kile kilichozama Januari 2016. Barabara ya kutoka Kidatu nayo imewekwa lami. Aghalabu mwenye chombo hakiendeshi. Yeye ni muuguzi, mwalimu au mkulima; kijana wa jirani ndiye anayeshika usukani na kuleta hesabu jioni.

Kwa hiyo bima hukatwa na mtu mmoja, na gari likaendeshwa na mwingine. Wakala hujaza fomu, huandika namba ya gari, hupokea fedha. Leseni ya dereva haiulizwi, au huulizwa ya mwenye gari, ambaye pengine hana. Ndipo mzigo unapowekwa kichwani pako nawe huhisi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa yale uliyoyaeleza, na kwa kawaida una sharti kwamba gari liendeshwe na mtu mwenye leseni halali kwa aina hiyo ya gari. Leseni za nchi yetu zina madaraja. A ni ya pikipiki. D haimruhusu mtu kubeba abiria kwa malipo. Kazi hiyo yataka daraja C, pamoja na matawi yake yanayofuata idadi ya abiria. Kijana mwenye D halisi, iliyolipiwa na isiyo na doa, akipindua Noah iliyojaa abiria, mbele ya kampuni ya bima hali yake hukaribia ya mtu asiye na leseni kabisa. Bima kubwa uliyoilipia kwa jasho inaweza kukataa kulitengeneza gari. Nao waliovunjika miguu watakutafuta wewe, wala si yule kijana asiye na kitu.

Wazee watakumbuka enzi ambapo Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilikuwa peke yake katika kazi hii. Tangu miaka ya 1990 kampuni zimekuwa nyingi, na mawakala wamefika hadi vibandani. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imeweka mfumo wa TIRA-MIS, ambao kwa namba ya gari hukuonyesha kama bima yako imesajiliwa kweli. Utazame siku ile ile uliyolipa. Lakini fahamu mpaka wake: mfumo huo unakuthibitishia bima, haukuthibitishii dereva. Umahiri wake hupimwa na Polisi, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato, na kampuni ya bima haiwezi kuhakiki kitu ambacho haikuletewa.

Hapana budi, basi, uipelekee: namba ya leseni, madaraja yake, na tarehe ya kwisha. Ukibadili dereva, peleka upya, na udai maandishi ya kwamba yamepokelewa.

Pengine utauliza, je, si hatari kugawa taarifa za mtu? Ni swali la haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lile lililofanya zikusanywe. Dereva aambiwe kwanza, naye aridhie. Picha ya leseni iliyotupwa tu katika simu ya wakala haina mlinzi. Heri nakala ya karatasi, iandikwe kwa kalamu katikati kwamba ni kwa bima ya gari namba fulani tu, kisha ifikishwe ofisini.

Na kwa kuwa bima hukatwa kwa mwaka, lakini leseni hudumu miaka kadhaa, hii ya pili husahauliwa kwa urahisi. Ziandike tarehe zote mbili katika kalenda ya ukutani sebuleni, mahali ambapo dereva naye, akileta hesabu, ataziona.